Mgeni Hamkanyi Mgeni

Jumapili saa nane mchana ndiyo saa ngumu kuliko zote katika mgahawa wa familia. Makanisa yametoka, meza zimejaa, jiko limezidiwa, oda zinachelewa, na watoto walioahidiwa bembea na chipsi wiki nzima hawasikii tena la mtu. Hapo ndipo vinapoanza vile vitendo ambavyo kila anayetoka kula na watoto anavijua. Bwana mmoja ameegemeza simu kwenye glasi na kufungulia mpira kwa sauti ya mwisho. Kundi la watu kumi na wawili limekokota viti vya meza za jirani bila kumuuliza mtu. Mama mmoja amemshikilia yule kijana wa mgahawa aliyevaa sura ya simba, anampiga picha na mwanawe tu, pozi baada ya pozi, na nyuma yake foleni ya watoto wengine inasubiri. Mwingine anamwita mhudumu kwa mluzi. Jioni lalamiko la njiani huwa lilelile: chakula kilikuwa kizuri, watoto walifurahi, lakini wale wa meza ya pili walituharibia siku. Na lalamiko hilo tumezoea kulimalizia kwenye malezi, kwamba watu siku hizi hawana adabu, basi. Mimi naamini wa kwanza kuulizwa ni mwenye mgahawa. Yeye ndiye aliyetuita, ndiye aliyepanga meza, ndiye anayechukua pesa, na ndiye peke yake mwenye haki ya kumwambia mtu mzima asiyemjua kwamba hapa kwetu hatufanyi hivyo. Akinyamaza, anatuachia sisi wageni kazi ambayo hatuna mamlaka nayo, na tukijaribu kuifanya tunaishia kugombana mbele ya watoto.

Kabla sijaenda mbali, kuna mambo mawili ambayo huchanganywa kila mara na lazima yatenganishwe. Kelele za watoto si utovu wa adabu. Mtoto wa miaka mitatu anayepiga ukelele akimwona tembo wa bandia akitikisa masikio, anayelia kwa sababu puto limepasuka, anayemwaga juisi juu ya meza, anafanya kile alichoalikwa kufanya. Mwaka 1977, Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya michezo ya video ya Atari, alifungua huko San Jose, California, mgahawa wa piza ambao leo unajulikana kwa jina la Chuck E. Cheese. Aliijaza nyumba ile mashine za michezo na wanasesere wa umeme wanaoimba, ili familia ikiwa inasubiri piza itoke tanuruni watoto wawe wanacheza na kutumbukiza sarafu. Rainforest Cafe, iliyofunguliwa mwaka 1994 katika jengo la maduka la Mall of America, jimbo la Minnesota, ilijengwa kama msitu wa mvua, na kila baada ya muda taa hufifia na radi za bandia zikanguruma juu ya vichwa vya wanaokula. Huko kelele ni sehemu ya bidhaa inayouzwa. Anayeingia mahali kama hapo akadai ukimya amekosea mlango, wala simtetei.

Ninayemlalamikia ni mtu mzima anayechukua sehemu ya wengine: nafasi yao, zamu yao, viti vyao, uwezo wao wa kusikilizana mezani. Na pamoja naye yuko mzazi anayemwachia mtoto akimbie kwenye njia ya jikoni ilhali yeye mwenyewe yuko kwenye simu. Jambo hili la mwisho watu hulichukulia wepesi, kumbe ndilo la hatari kuliko yote. Maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde 5, na ngozi ya mtoto, iliyo nyembamba zaidi, kwa muda mfupi kuliko huo. Chai inayotoka jikoni huwa na joto zaidi ya hapo, na ile sahani ya chuma inayoletwa mezani nyama ikiwa bado inachacharika huwa na joto mara kadhaa zaidi. Mhudumu hubeba sahani ya namna hiyo kwenye kibao cha mbao, mkono mmoja chini, mwingine umeshika michuzi, macho yake yakitazama mbele. Mtoto wa miaka minne kichwa chake hufika kiunoni mwa mhudumu huyo. Wakikutana kwenye kona, hakuna kati yao aliyekuwa na nafasi ya kumwona mwenzake. Kosa hapo si la mtoto, na si la mhudumu.

Sasa tuitazame kelele yenyewe, maana hapo ndipo inapoonekana wazi kwa nini wageni hawawezi kujisaidia wenyewe. Mwaka 1911 daktari wa masikio wa Paris, Étienne Lombard, alichapisha maelezo ya jambo alilolichunguza kwa wagonjwa wake: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kuambiwa na bila kujua, na kelele ikikatika sauti yake hushuka yenyewe. Chukua jambo hilo ulipeleke kwenye ukumbi wenye meza arobaini, sakafu ya vigae, kuta tupu na muziki. Meza ya kwanza inapaza sauti ili isikilizane juu ya muziki, meza ya pili inapaza ili isikilizane juu ya ya kwanza, mwenye simu anaongeza sauti ya mpira kwa sababu hamsikii mtangazaji, na kijana wa muziki, akiona ukumbi umechangamka, naye anapandisha. Hakuna aliyekusudia kumuudhi mwenzake, na bado wote wanaudhiwa. Lakini angalia pia upande wa pili: hakuna meza moja inayoweza kuishusha kelele ile. Familia itakayoamua kuongea kwa upole itakuwa imejinyima mazungumzo yake bure, kwa sababu ukumbi hautabadilika. Mwenye uwezo wa kuushusha ni yule mwenye ufunguo wa muziki na mwenye ruhusa ya kwenda kwenye meza ya simu akaomba. Huyo hayumo miongoni mwetu sisi tuliokaa. Na tusisahau kwamba sisi tunaondoka baada ya saa mbili, lakini wahudumu wanabaki. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mfanyakazi asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu: desibeli 88 kwa saa 4, desibeli 91 kwa saa 2. Masikio ya kijana anayebeba trei kuanzia asubuhi hadi usiku hayana mtu mwingine wa kuyalinda isipokuwa mwajiri wake.

Ushahidi wa kinachotokea wageni wanapoachiwa waamuane wenyewe unapatikana katika kampuni ileile ya Bushnell. Desemba 2008 gazeti la The Wall Street Journal liliandika habari ya polisi wa miji mbalimbali ya Marekani kuitwa mara kwa mara kwenye matawi ya Chuck E. Cheese kuamua ugomvi. Waliokuwa wakipigana hawakuwa watoto. Walikuwa akina mama, akina baba, mashangazi na wajomba, watu waliovaa vizuri kuja kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, na mara nyingi chanzo kilikuwa kitu kidogo kinachohusu mtoto wa huyu na mtoto wa yule. Baadhi ya matawi yalilazimika kuacha kuuza bia na kuweka walinzi. Wapo wanaosoma habari kama hiyo wakasema Wamarekani ndivyo walivyo. Mimi nasoma kitu kingine. Kila ugomvi wa aina hiyo hupita hatua ileile: mzazi anaona mwanawe ameonewa, anatafuta mwenye nyumba, hamwoni, anaamua kusema mwenyewe. Na mtu mzima anayekanywa na mtu mzima asiyemjua, mbele ya mke wake na watoto wake, hasikii neno lililosemwa. Anasikia kudharauliwa. Kuanzia hapo suala si zamu ya mashine tena.

Linganisha na jambo jingine la kampuni hiyohiyo. Kwa miaka mingi, mlangoni pa Chuck E. Cheese, kila familia inayoingia hupigwa muhuri mkononi, mzazi na mtoto namba ileile, kwa wino unaoonekana kwenye taa maalumu tu. Wakati wa kutoka mhudumu humulika mikono, na namba zisipolingana mtoto hatoki. Ukiifikiria, hiyo ni amri kali: mzazi anazuiwa mlangoni na kijana wa miaka kumi na minane mpaka athibitishe kuwa mtoto ni wake. Ingekuwa ni mgeni mwenzake anamuuliza swali hilo, pangechimbika. Lakini watu hunyoosha mikono bila neno, kwa sababu kanuni imesemwa mapema, inamhusu kila mtu, na inasimamiwa na mwenye nyumba. Watu ni walewale, tena siku hiyohiyo. Kilichobadilika ni nani anayesema.

Najua hoja nzito itakayotolewa dhidi yangu hapa, na inatoka kwetu wenyewe, si kwa watu wa nje. Itasemwa kwamba sisi tulilelewa na mtaa mzima. Mama yeyote aliyekuona unavuka barabara ovyo alikuita kwa jina la baba yako, akakukanya, na ukifika nyumbani ulikuta habari zimekutangulia. Kwa nini basi leo tumtafute meneja kumkanya mtoto, kana kwamba sote si wazazi? Hoja hii naiheshimu, na sitaki utaratibu ule upotee pale ambapo bado upo. Ila tuukumbuke ulivyokuwa kwa ukamilifu wake. Mama yule alikuwa na haki ya kukukanya kwa sababu alikuwa na wajibu kwako pia: alikulisha ulipokuwa na njaa, alikufungulia mlango mvua iliponyesha, alimjua bibi yako, na kama angekuonea kulikuwa na wazee wa kumuuliza. Ukali wake ulikuwa na ujamaa nyuma yake. Katika mgahawa wa mjini hakuna kimoja kati ya hivyo. Hatujuani majina, hatutaonana tena, wala hakuna mzee wa kutuamua. Anayenyanyuka kumkemea mtoto wa meza nyingine anachukua ile haki bila ule wajibu, na mzazi wa mtoto analitambua hilo mara moja hata kama hawezi kulieleza. Tena mkaripiaji hachagui ovyo. Humkaripia mtoto wa yaya, au wa familia inayoonekana imekuja mjini leo, na humwacha mtoto wa bwana mwenye gari kubwa pale nje. Utaratibu wa mtaa haukuwa hivyo.

Kwenye harusi zetu jambo hili tumelitatua zamani. Mjomba akizidiwa na vinywaji na kuanza kusumbua meza za wageni, hakuna mgeni anayenyanyuka kupambana naye. Kuna mshereheshaji, kuna kamati, na mmoja wao humwendea kwa heshima, akamshika mkono, akamtoa nje apunge upepo. Hakuna anayeona kwamba kamati imeingilia yasiyoihusu. Mgahawa ambao kila wikendi unapokea sherehe tatu za siku ya kuzaliwa kwa mpigo hauna kisingizio cha kukosa mtu wa namna hiyo.

Na kama kuna anayedhani kwamba tabia za watu mezani hazibadiliki kwa kanuni, aangalie sigara. Wengi tunakumbuka enzi ambapo mtu aliweza kuwasha sigara meza ya pili kutoka kwa mama aliyepakata mtoto mchanga, na kitu pekee alichoweza mama huyo ni kuomba, akijua fika kwamba anaweza kujibiwa vibaya. Kisha sheria zikaingia. Ireland ilipiga marufuku uvutaji ndani ya sehemu za kazi, baa na migahawa ikiwemo, mwaka 2004. Kenya ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Uganda ikapitisha yake mwaka 2015. Wavutaji hawakuzaliwa upya, na malezi yao hayakurudiwa. Kilichotokea ni kwamba jukumu lilihama kutoka kwa mama aliyepakata mtoto likaenda kwa mwenye jengo, ambaye alilazimika kuweka kibao ukutani na kumtuma mhudumu aseme. Leo mvutaji mwenyewe hunyanyuka akatoka nje kabla hajaambiwa, na haoni kuwa ameonewa. Hata huko nje, kwa majirani wanaoishi karibu na baa, tumeona jambo hilohilo: Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilipofungia baa na kumbi kadhaa nchini Tanzania mwaka 2023 kwa ajili ya kelele, halikuwataka majirani wakagombane na wanywaji. Lilimwita mwenye baa.

Elinor Ostrom, Mmarekani aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyotumia kwa pamoja mifereji ya maji, malisho na maeneo ya uvuvi bila kuviharibu. Alikuta kwamba jumuiya zilizofaulu zilikuwa na mipaka inayojulikana, wasimamizi wanaoonekana, na adhabu zinazoanza ndogo na kupanda polepole. Zilizoshindwa mara nyingi zilikosa hivyo, hata kama watu wake walikuwa wema. Ukumbi wa mgahawa ni malisho ya pamoja kwa saa mbili. Kinachotakiwa ni kilekile: tujue mapema nini hakifanyiki, tumwone anayesimamia, na akianza aanze kwa neno la upole kabla ya kufika kwenye kuomba mtu alipe bili aondoke.

Hapa ndipo migahawa iliyojengwa kwa mandhari ya hadithi ina bahati ambayo hoteli ya kawaida haina, na inasikitisha kuona inavyoipoteza. Mtu akishakubali kuingia kwenye mchezo, hukubali kanuni za mchezo huo bila kuziona kama amri. Carnivore ya Nairobi, iliyoko Barabara ya Langata tangu mwaka 1980, inalijua hili vizuri. Nyama huchomwa kwenye shimo kubwa la makaa, ikiwa imechomekwa kwenye vyuma virefu mithili ya sime za Wamaasai, na wakataji hupita meza hadi meza. Katikati ya kila meza kuna trei ya kuzunguka yenye michuzi na achari, na juu yake kibendera kidogo. Kibendera kikiwa kimesimama, nyama inakuja. Ukikilaza, umesema umetosheka, na mkataji hakusumbui tena. Fikiria ni maneno mangapi kibendera kile kimeyaokoa, na ni wageni wangapi waliokuwa wakipiga kelele kumwita mhudumu au kumfukuza kama kisingekuwepo. Ni kanuni ya nyumba, lakini mtoto wa miaka sita ndiye anayegombea kuisimamia. Marekani kuna kumbi za Medieval Times, zilizoanza huko Kissimmee, Florida, mwaka 1983, ambamo watu hula kwa mikono wakitazama mashujaa wa farasi wakipigana kwa mikuki. Kila upande wa ukumbi una rangi yake na shujaa wake, na mtangazaji huwaambia wageni wamshangilie nani na waanze lini. Mamia ya watu, watoto kwa wakubwa, wanapiga kelele kwa utaratibu, kwa sababu mwenye nyumba anaiongoza kelele badala ya kuiogopa.

Kama simba wa mgahawa anaweza kucheza na watoto, basi anaweza pia kuwaambia kwamba msitu huu una njia moja ya tembo, pale kwenye mlango wa jiko, na watoto wa simba hawapiti hapo. Kama kuna foleni ya picha, mfanyakazi mmoja asimame na kuhesabu picha tatu kwa kila familia, kwa sauti ya furaha. Kama kuna mashine inayogombaniwa, iwekewe saa inayolia. Haya hayahitaji ukali wala pesa nyingi. Yanahitaji mwenye mgahawa akubali kwamba kuwapanga wageni ni sehemu ya huduma anayoiuza, sawa na kupika.

Watakaonipinga kwa hasira zaidi ni wale wanaosema mteja ni mfalme. Amelipa, aachwe. Jibu langu ni kwamba katika ukumbi wenye meza arobaini kuna wafalme arobaini, na kila mmoja amelipa. Anayemnyamazia mmoja kwa jina la huduma amewanyima thelathini na tisa huduma hiyohiyo. Biashara inaliona hilo vibaya kwa sababu moja: aliyeguswa hupiga kelele palepale na kuandika maoni mabaya mtandaoni usiku huohuo, lakini waliokerwa na yeye hulipa kimya kimya na hawarudi. Meneja anaihesabu hasara ya kwanza kwa sababu ameiona. Ya pili haimfikii.

Ila kuna ukweli mchungu ndani ya msemo ule, nao unamhusu mhudumu. Ukimwambia mhudumu akamsemeshe bwana wa simu, atatabasamu, atasema sawa, na hataenda. Simlaumu. Huko Marekani sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepewa bahashishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991. Kinachobaki hutarajiwa kitoke mkononi mwa mgeni. Kwetu hesabu ni tofauti lakini hofu ni ileile: ukimuudhi mteja, unakosa cha juu, na akilalamika, kazi inaweza kuishia hapo. Mwajiri aliyeyaweka maisha ya mfanyakazi mikononi mwa mgeni hawezi tena kumtuma mfanyakazi huyo akamkanye mgeni. Ndiyo maana neno lazima litoke kwa mtu mwenye cheo, meneja wa zamu au mwenye mgahawa mwenyewe, na lazima mhudumu ajue kwamba akimwita bosi hataulizwa kwa nini ameleta matatizo. Na neno lenyewe si gumu. Mtu anafika, anainama kidogo ili asiongee juu ya kichwa cha mgeni, anasema: "Shikamoo mzee. Samahani, naomba tupunguze kidogo sauti ya simu, kuna wenzetu hapa wana watoto wachanga. Nikupeleke kwenye meza ile ya karibu na televisheni, uone mpira vizuri?" Au kwa mzazi: "Mama, samahani, huyu mdogo wetu anapita kwenye mlango wa jiko, na kuna vitu vya moto. Naomba tumsogeze huku kwenye michezo, dada yupo anawaangalia." Kiswahili kimetupa njia za kumkanya mtu huku heshima yake ikibaki mezani. Zinachohitaji ni msemaji mwenye nafasi ya kuzitumia.

Kuna wanaotaka njia ya mkato, kwamba watoto wazuiwe. Korea Kusini wamefika huko. Migahawa na mikahawa mingi imejitangaza kuwa haipokei watoto. Mwaka 2017 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo ilisema kwamba mgahawa mmoja wa kisiwa cha Jeju uliokataa watoto wa chini ya miaka 13 ulikuwa umewabagua. Nakubaliana na tume ile, na kwa sababu inayohusu hoja yangu: ni kumwadhibu asiyekosa kwa sababu aliyekosa anaogopwa. Mwenye mgahawa asiyethubutu kumsemesha baba wa mtoto anaona ni rahisi kumfungia mtoto mlango. Na katika watoto hao wamo wenye usonji, ambao kelele na taa huwalemea hata wakalia kwa namna ambayo jirani asiyejua huiita ukorofi. Kwa hao pia njia ipo. Chuck E. Cheese imekuwa ikifungua matawi yake mengi mapema Jumapili ya kwanza ya mwezi, muziki ukiwa umeshushwa na taa zimetulizwa, ili familia hizo zile bila kutazamwa. Ni kazi ya ratiba tu.

Sisi wageni tunabaki na nini? Tunabaki na watoto wetu wenyewe, simu zetu wenyewe na viti vyetu wenyewe, na hapo hakuna wa kutusaidia. Kwa wengine, kazi yetu ni kumwita mwenye nyumba, mapema, kabla hatujapandwa na hasira, na kumweleza jambo lenyewe bila kumsema mtu: meza ile inapiga mpira kwa sauti, si "wale washamba pale." Tusitoe simu kumrekodi mwenzetu na kumtupa mtandaoni, maana video ya sekunde thelathini haionyeshi kwamba huyo mama hajalala siku mbili, na mtoto wake ataikuta siku moja. Meneja akija akafanya kazi yake, tumshukuru mbele ya mhudumu wake. Asipokuja, tulipe, na tumwambie yeye pale kaunta, kwa jina la cheo chake, ni kitu gani kimetuondoa. Maana hasara ambayo haimfikii masikioni hataacha kuisababisha. Na mwenye mgahawa anayebandika barabarani picha ya familia inayocheka, aandike kwenye kila menyu, chini ya bei za juisi, namba ya simu ya meneja wa zamu, na meneja huyo saa nane ya Jumapili awe ukumbini kati ya meza, asiwe ofisini akihesabu mauzo ya asubuhi.